Rosa ni nani, na kwa nini umemlilia Katoro?

Shangazi wa Vitabu anajibu barua za wasomaji wa Shinyanga, Kahama na Geita

Toleo lililopita niliwahimiza wote mnaosoma vitabu kwa raha zenu muwe na daftari la kuandikia mlichosoma. Basi barua zimemiminika: za ndoa, za urafiki, na moja ya vitisho ambayo nimeichana. Hizi hapa ndizo zinazojibika hadharani.

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu anachuuza mchele, kila wiki yuko Katoro. Juzi nafua suruali yake nikakuta kijidaftari mfukoni. Nanakili kilivyo: "Rosa. Katoro, siku nne. Nimelia." Chini yake: "Rehema. Nimemmaliza alfajiri, nitamrudia." Halafu: "Siti. Mfupi ila mtamu." Na wa mwisho: "Bugonoka. Mnene mno, nimefika katikati nimechoka." Nikafunua ukurasa wa pili labda nitapata ahueni. Nikakuta: "Njama. Kikosi cha Kisasi. Kufa na Kupona. Salamu toka Kuzimu." Shangazi, wanawake wanne hawakumtosha, na kwenye genge yumo? Mabegi nimeshafunga, nasubiri jibu lako tu.*
Mama Watatu, Geita mjini

Marahaba mwanangu. Fungua mabegi, tena anza na la watoto.

Siti alifariki mwaka 1950. Ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Kama mumeo amempenda, amejiunga na foleni ndefu iliyoanza kabla hajazaliwa. Rehema ni wa *Nyota ya Rehema*, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed ya mwaka 1976, naye makazi yake ni Zanzibar na kwenye karatasi. Rosa ni *Rosa Mistika*, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Huyo ni binti wa Ukerewe, ziwa hilihili letu. Kuna wakati kitabu hicho kilizuiwa mashuleni, wakubwa wakidai kina mambo ya aibu; baadaye wanafunzi wakatungiwa maswali ya mtihani humohumo. Yanayompata Rosa sikusimulii, utayasoma mwenyewe. Ila mwanamume anayekimaliza kile kitabu macho makavu, huyo ndiye wa kufungiwa mabegi.

Sasa Bugonoka, ambaye naona ndiye aliyekuchoma zaidi kwa ule "unene". Yeye ni mke wa Myombekere, katika kitabu cha Aniceti Kitereza, Mkerewe mwingine. Ndoa yao ilitikiswa na kukosa mtoto, na Myombekere akafunga safari ya ukweni kumrudisha mkewe. Kwa hiyo mumeo yuko Katoro, usiku, anasoma habari za mwanamume anayemfuata mke wake mmoja. Unalalamika nini? Kitereza alimaliza kukiandika mwaka 1945 kwa Kikerewe, asipate wa kukichapa. Akaja akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, majuzuu mawili mazima. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Mtunzi alivumilia miaka 35; msomaji akichoka katikati ruhusa kupumzika, lakini arudi.

Genge la ukurasa wa pili ni la Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Willy Gamba wa Musiba ni mpelelezi wa upande wetu, hana haja na mchele wenu.

Kosa la mumeo ni moja, na hilo naomba wasomaji wote walisikie. Anaandika kama mtu anayejificha. Daftari la vitabu liandikwe jina zima la kitabu, jina la mtunzi, mahali na tarehe. Na aandike "nimekimaliza", sio "nimemmaliza", tusije tukavunja nyumba kwa viambishi. Wewe nawe usilichome hilo daftari. Msome huyo Rosa, kisha chini ya mstari wake andika wa kwako. Daftari la watu wawili wasiokubaliana juu ya kitabu kimoja ni tamu kuliko la mtu mmoja.

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Shinyanga. Nimewekeana dau la mbuzi na mwalimu mwenzangu: atakayefikisha vitabu 50 kabla ya Krismasi ndiye mshindi. Mimi ninavyo 12, yeye anadai 31. Nimechunguza orodha yake nikakuta humo vitabu vya maswali na majibu ya kidato cha nne, na ratiba ya ligi. Je, na mimi nihesabu* Ngoswe *ninayoifundisha kila mwaka? Na nikiihesabu, niihesabu mara ngapi?*
Mwalimu, Ngokolo

Mwalimu, umekaa karibu na dhahabu bila kujifunza kitu. Mchimbaji akitoa viroba 30 vya mawe hapigi vigelegele. Anasubiri mawe yapite kwenye karasha, yaende mwaloni yakaoshwe, ndipo ajue kama ana gramu au ana vumbi. Wewe na mwenzako mnagombania viroba.

Chukua Kezilahabi huyohuyo. *Nagona* yake ya mwaka 1990 ni kijitabu chembamba unachoweza kukisahau mfukoni mwa koti. Kianze Ijumaa jioni uone kama Jumatatu utakuwa umetoka salama. Nimewaona watu na shahada zao wakirudi ukurasa wa kwanza mara tatu. Halafu chukua riwaya nene ya kipelelezi uianzie stendi ya Shinyanga; kufika Dodoma umebakiza kurasa za shukrani. Hesabu inasema vitabu hivyo viwili ni sawasawa, moja na moja. Hesabu haijui kitu.

Kuna Mwingereza mmoja, Charles Darwin, yule wa viumbe na mabadiliko yao. Kuanzia 1838 hadi 1860 aliweka madaftari ya usomaji: huku alivyokwisha kusoma, huku alivyotaka kuvisoma. Zaidi ya miaka 20, na sijasikia popote kwamba kulikuwa na mbuzi. Hiyo orodha ya pili, ya unavyovitamani, mwenzako hana, nami nadhani na wewe huna. Anza nayo.

Kuhusu *Ngoswe*, ihesabu kama umeisoma siku ambayo hukuwa na kipindi. Na ukiisoma kwa raha utakumbuka kwamba tamthiliya hiyo ya Edwin Semzaba inamhusu karani wa sensa aliyeacha kuhesabu watu akaanza kufukuzia mapenzi, karatasi zake zikaishia motoni. Hayo ndiyo ya waweka orodha. Mbuzi mchinjeni Jumamosi hii, mle wote wawili, dau lifutwe.

*Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mchimbaji mdogo. Tangu niache shule nimehama rashi kwa rashi: Mgusu, Nyarugusu, Rwamgasa, na sasa niko porini Mbogwe. Kila nikihama vitabu vinabaki. Mara ya mwisho nilimwachia mwenye kambi boksi zima. Niliporudi nikaambiwa mkewe ameliuza kwa muuza karanga. Nikanunua karanga za mia mbili, nikafungiwa ukurasa wa* Kuli*, tena wangu mimi, wenye mwandiko wangu pembeni. Sasa naandika daftari la vitabu ambavyo sinavyo tena. Wenzangu wa duarani wananicheka. Wanasema mtu mwenye akili anaandika viroba, anaandika madeni, anaandika mgao. Orodha ya vitu vilivyopotea ni ya nini?*
Mtu wa Duarani, Mbogwe

Pole sana baba. Kwa *Kuli* nimesikitika kweli. Shafi Adam Shafi anatuandikia mgomo wa wapagazi wa bandari ya Unguja mwaka 1948, kitabu kinatoka 1979, halafu kinakuja kufungia karanga Geita! Natumaini walau aliyezila kabla yako alisoma.

Sasa nikwambie kuhusu wenzako. Hakuna mahali katika nchi hii panapoandikwa kama kwenye machimbo. Viroba vinaandikwa, maana kuna cha mwenye leseni, cha mwenye duara, cha wachimbaji, na karasha nalo linadai lake. Mama lishe ana daftari. Mwenye duka la matimba ana daftari. Na tangu soko la madini lifunguliwe Geita, Machi 2019, gramu yako haiuzwi bila kuandikwa na serikali kukata mrabaha wake. Wenzako wamezoea kwamba mtu akishika kalamu kuna anayedaiwa. Ndiyo maana daftari lako linawachekesha, au linawatia wasiwasi: wanakutazama unaandika jioni, hakuna anayekudai, humdai mtu.

Hapo ndipo ulipo utamu wake. Kila daftari ulilowahi kuona kambini kuna mtu ana haki ya kulidai na kulikagua. Hili halina mkaguzi. Ukiandika kwamba kitabu kinachosifiwa na maprofesa kilikulaza usingizi, hakuna wa kukukata alama. Ukiandika kwamba ulikiacha katikati, hakuna riba.

Na unaniuliza ya nini. Msomaji wa Dar es Salaam ana ukuta, akigongelea rafu ana maktaba. Wewe una turubai, na rashi ikiitika kesho kwingine unabeba sululu, blanketi na sufuria. Rafu yako wewe ni daftari. Kwa hiyo usiandike jina la kitabu likabaki uchi. Andika na mahali ulipokisomea, aliyekupa, na sentensi moja ya hukumu yako. Mfano: "*Kuli*, Shafi Adam Shafi. Nyarugusu, masika, duara limejaa maji tunangoja pampu. Nilipewa na fundi wa jenereta. Mwisho umenikasirisha, nimeupenda." Miaka kumi mbele utausoma mstari huo uione ile mvua, na fundi umkumbuke, hata kama jina lake hukulijua.

Mambo ya kazi sasa. Tumia penseli, wino ukipata maji unakimbia. Funga daftari kwenye nailoni. Lipige picha kwa simu kila mwisho wa mwezi. Na kwa vyovyote vile, usiandike vitabu kwenye daftari moja na madeni, kwani siku mdai atakapolibeba ataondoka na Shafi wako. Ule ukurasa wa karanga ubandike humo ndani, mafuta na yote.

*Shangazi, mimi ni mzee wa Old Shinyanga. Nilijifunza kusoma nikiwa na mke na watoto, kwenye kisomo. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha kilimo cha pamba. Nimeanza daftari kama ulivyosema, nikakiweka namba moja. Mjukuu wangu wa chuo amekifuta, anasema si kitabu cha raha.*
Babu

Shikamoo babu. Huyo mjukuu mpe kalamu akirudishe mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Na akimaliza akae chini asikilize. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya huku, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, serikali ikisaidiwa na UNESCO. Watu wazima walifundishwa herufi kwa mambo wanayoyashika kila siku: pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baadaye Kanda ya Ziwa ikapata na gazeti lake la waliohitimu kisomo, *Elimu Haina Mwisho*. Mjukuu aliyezaliwa akakuta maandishi hadi kwenye mfuko wa sukari hawezi kumpimia raha mtu aliyesoma neno lake la kwanza akiwa na ndevu. Pamba ni namba moja. Magazeti nayo yaingie, kama unayakumbuka.

*Shangazi, mimi nasoma hadithi za kwenye simu, za WhatsApp. Nimefika sehemu ya 46, mtunzi akasema anayetaka mwendelezo atume elfu mbili. Nimetuma. Amenibloki. Niandikeje?*
Dada wa Kahama

Andika jina la hadithi, sehemu 46, elfu mbili. Kisha acha mistari mitatu mitupu, watunzi wa siku hizi huzinduka. Hadithi za simu ni usomaji kamili na anayekucheka mwambie riwaya nyingi za zamani zilianza vipandevipande magazetini. Lakini mwandishi wako huyo pia ana jina; liandike vizuri, usije ukamtumia tena.

*Shangazi, jirani yangu wa Nyankumbu aliazima* Vuta n'kuvute *yangu. Huu mwaka wa pili. Nikimuuliza anasema bado anavuta.*
Mwenye Kitabu, Geita

Safu ya mwisho ya daftari iandikwe "kiko kwa nani", na mwazimaji atie sahihi mbele ya mtu wa tatu. Kwa hiki kilichokwisha kwenda, nenda kwake saa ya chakula cha jioni, kaa, na usiondoke.

Nafasi imeniishia. Wa Shinyanga mjini mnaosema vitabu ni ghali, Maktaba ya Mkoa ipo hapohapo mjini. Ingieni, na mkishika kitabu tazameni kile kikaratasi chenye mihuri ya tarehe za kurudisha: hao ni wasomaji waliowatangulia. Barua za toleo lijalo ziwe fupi, zenye jina kamili la kitabu na la mtunzi. Na Mama Watatu, ukimaliza *Rosa Mistika* niandikie umelia ukurasa gani.