Hongera kwa Shahada Yetu

Hongera, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kule Uingereza. Nasikia umetia sahihi kwamba insha ni jasho lako mwenyewe. Jasho ni jasho kweli, ila limemtoka kijana wa Roysambu, Nairobi, saa nane usiku, akiomba stima zisipotee kabla hajakutumia faili. Wiki hii amekuwa muuguzi wa Leeds, mwanasheria wa London na mtaalamu wa Shakespeare. Kodi ya chumba bado anadaiwa. Maprofesa wako humsifu mno, kwa jina lako. Tena ana staha ya kazi: ukimwambia wewe ni wa alama za wastani, atakuwekea makosa mawili matatu, mwalimu asije akashtuka.

Mwaka 2022 Bunge lenu lilipitisha sheria: kumuuzia mwanafunzi wa England insha ni kosa la jinai. Na kuinunua je? Hapo sheria ilikohoa kidogo ikapita. Hayo mtayamaliza na chuo.

Siku hizi akili unde imemnyang'anya kijana wateja. Analalamika eti mashine inawaandikia wanafunzi kazi zao, na huo si uungwana.