Kiherehere cha Kuipa Tochi Nguvu

Basi la kutoka Moshi likisimama Mombo ili abiria wale, mikono hufika dirishani kabla konda hajagusa ardhi: mayai ya kuchemsha, karanga, maji, chaja, na katikati ya hayo yote shada la tochi ndogo za kuning'iniza kwenye funguo, zimewashwa mchana kweupe kama ushahidi. Tochi ya namna hiyo ina adabu zake. Mfukoni hujiwasha yenyewe ikibanwa na sarafu, ikaliangazia paja la mwenyewe mpaka Korogwe. Usiku umeme ukikatika, au zamu ya maji ya mpunga ikiangukia saa nane, ndipo inapotoa mwanga wa kimulimuli mwenye homa. Mwenye tochi hukasirika, humpelekea fundi wa simu na kumwamuru: "Itie betri la maana." Hapo ndipo ninapotaka kubishana naye. Betri ile dhaifu haikuwekwa mle kwa bahati mbaya. Ndiyo mlinzi wa taa, na anayemfukuza mlinzi asishangae nyumba ikiingiliwa.

Ifungue uone. Mna vibetri vitatu vya duara vyenye umbo la kifungo cha shati, vile viitwavyo LR44, ambavyo kwenye pakiti huandikwa AG13. Kila kimoja kina volti 1.5, jumla 4.5. Taa yake ya LED nyeupe inataka volti 3 na ushee tu, na mkondo wa kama miliampea 20. Kwa hesabu za darasani hapo lazima pawe na rezista ya kuizuia ile volti ya ziada. Itafute kwa sindano ukipenda: kuna springi, swichi na taa, basi. Aliyeitengeneza aliona rezista ya bei ya punje ya karanga ni anasa, akaitegemea hali ya betri yenyewe, kwa sababu kibetri kidogo kina ukinzani mkubwa ndani yake na hakiwezi kumwaga mkondo mwingi hata kikitukanwa.

Sasa fundi anatoa betri tatu za alkali, zile nyembamba za rimoti, anazipanga mkia kwa kichwa na kusema volti ni zile zile 4.5, hakuna neno. Kwenye volti amesema kweli, ila ameusahau upana wa njia. Mkulima wa Mombo angemwelewesha upesi kuliko mhandisi: maji yote yanashuka kutoka Usambara, mlima ni ule ule na kimo ni kile kile, lakini yanayopita kwenye mrija wa soda na yanayopita kwenye mfereji uliobomoka hayafanyi kazi moja shambani. Betri ya rimoti ni mfereji. Tochi inawaka kwa mwanga wa buluu wa kutisha, wateja wawili wanapiga makofi, harufu ya plastiki inajitokeza, na LED inaaga dunia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ila hiki hakingoji hata kuitwa kipya.

Nitaambiwa: mbona kuna waliofunga betri ya simu ya kitochi, ile BL-5C, kwa mpira wa kufungia noti, na tochi ikadumu? Ni kweli, na sababu yake inaniunga mkono. Betri hiyo ina volti 3.7, iko jirani na mahitaji ya LED, kwa hiyo kosa ni dogo. Lakini ikitoka kwenye chaja imejaa inafika 4.2, na hapo taa isiyo na rezista inakula mkondo kupita kipimo chake. Haifi siku hiyo, inazeeka haraka. Wapo pia wanaosema dawa ni kuanika betri juani, na jua la Mombo halina mpinzani. Kwa betri kubwa za redio, wajukuu wa ile aliyoibuni Georges Leclanché mwaka 1866, joto linachangamsha kemia iliyochoka na kukupa taarifa ya habari moja zaidi. Lakini vile vya kifungo usivianike, usiving'ate, na ukivitoa usiviache mkekani. Mtoto akimeza kimoja, kinaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili, na hilo si la kuchekea. Akimeza, hospitali saa hiyo hiyo. Mwingine atasema tochi yake hufifia akipanda Lushoto na kuchangamka akirudi bondeni, kwa hiyo ina jini. Haina. Ni kilomita 33 za kupanda, baridi huongeza ukinzani ndani ya betri, na kwa kifaa kinachoishi kwa ukinzani huo, tofauti ndogo huweza kuonekana.

Kwa hiyo anayetaka nguvu na airudishe kwanza ile rezista iliyodhulumiwa. Toa 3.2 za LED kwenye 4.5, inabaki 1.3, gawanya kwa ampea 0.02, unapata omu 65, na dukani utakuta ya 68. Ukiwa nayo, betri za rimoti zinaruhusiwa. Vibetri vya kifungo, vyenye akiba ya takriban miliampea-saa 120, vingekupa saa sita hivi. Za rimoti, zenye kama 1,000, zinakaribia saa hamsini. Mtu wa mjini atauliza kwa nini usumbufu wote huu na simu ina tochi. Ina, lakini inakula chaji ile ile ya kulipia nauli, nayo ikidumbukia mferejini hasara yake si ya bei ya soda. Pingamizi moja tu linanishinda, na ni la yule muuza tochi wa dirishani. Akiziona betri tatu zimefungwa mpira, waya zimetoka nje, rezista imegandishwa kwa gundi, atauliza kwa upole kabisa: sasa hapa, bosi, ni tochi inayoning'inia kwenye funguo, au ni funguo zinazoning'inia kwenye tochi?