Biskuti za Pangoni

Tumpe heko mtu wa pangoni. Tangu Loren Cordain, profesa wa Colorado, atoe kitabu chake cha mlo wa paleo mwanzoni mwa miaka ya 2000, majiko ya Marekani yamerudi kwa mababu: unga wa lozi za California, sukari ya mnazi kutoka Indonesia, vipande vya chokoleti na oveni ya nyuzi 175, kama ile ya pangoni.

Ngano na nafaka nyingine? Haramu.

Ila profesa ana huruma. Anayeanza hupewa milo mitatu kwa wiki ya kula apendacho.

Huko Ohalo, kando ya Ziwa la Galilaya, miaka 23,000 hivi iliyopita, wakorofi fulani walisaga shayiri mwitu. Bila shaka ilikuwa katika ile milo yao mitatu.