Fundi, Leta Ngozi

Gari likitoka gereji injini imepona na kiti kimechanika, kwetu huku linahesabiwa limepona. Mwenye gari hupewa ufunguo, husikilizishwa injini mara mbili tatu, husifiwa kwa subira yake, kisha huambiwa kiasi anachodaiwa. Alama ya vidole vitano vya grisi kwenye kitambaa cha dari haimo kwenye hesabu, kwa hiyo haipo. Klipu tatu za kava la mlango zilizokatika hazimo kwenye hesabu, nazo hazipo. Akiuliza, jibu ni lilelile awe Iringo mjini Musoma, awe Bunda kando ya barabara ya Mwanza, au awe Butiama: "Bosi, hiyo ilikuwa hivyohivyo." Ni sentensi ya ajabu. Haina mkosaji, haina tarehe, na anayeitamka hajawahi kuliona gari hilo kabla ya jana. Hoja yangu ni moja. Mafundi wetu watavunja vitu ndani ya magari yetu, na wala siwalaumu sana kwa hilo. Ninachowalaumu ni kunyamaza.

Kwamba watavunja halina ubishi. Chukua Toyota Noah ya kizamani, ile iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2001, au Hiace za abiria. Injini zake zimelala chini ya viti vya mbele. Aliyezibuni alitaka abiria wapate nafasi, wakapata. Lakini papo hapo alihakikisha kwamba kila fundi atakayebadilisha plagi atainua kiti, atapiga goti pale dereva anapoweka miguu, na ataiweka spana yenye oili mahali pa karibu. Mahali pa karibu ni kiti cha pili. Hapo usitafute uzembe, ni jiografia tu. Magari mengine nayo yana mitego yake. Evapureta ya kiyoyozi imefichwa nyuma ya dashibodi, na mara nyingi ikivuja, dashibodi nzima hutolewa. Chujio la hewa ya ndani katika magari mengi liko nyuma ya droo ya dashibodi, na droo hiyo hutoka kwa kuminywa mbavu zake mbili. Asiyejua huivuta, nayo hutii kwa kukatika. Kava la mlango limeshikwa na klipu za plastiki zilizokusudiwa kutolewa kwa taratibu, zingali laini. Sisi tunazitoa zikiwa na umri wa kupiga kura, jua la Mara limeshazikausha, tena kwa bisibisi bapa. Klipu inalia "tak!", fundi anakohoa ili kuifunika, kazi inaendelea.

Hata asiyeshika plastiki yoyote anaweza kuacha msiba ndani. Redio za magari ya mtumba kutoka Japani, hasa za zamani, hupokea masafa ya FM ya 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo redio ya namna hiyo imekuwa ikiishi kwenye uchochoro mwembamba tangu iteremke melini. Fundi umeme akichomoa waya wa betri, redio nyingi za Toyota hujifunga na kudai namba ya siri, na maelezo yote ni ya Kijapani. Hata ule uchochoro umefungwa. Mwenye gari akilalamika, fundi anajibu kwa uso mkavu: "Lakini bosi, hii redio si ilikuwa haishiki?" Tena hapo ana ukweli kiasi, ndiyo maana jibu hilo linauma zaidi kuliko uongo.

Wapo watakaosema gari ni chombo cha kazi, si kochi la sebuleni. Mradi linafika Sirari na kurudi, klipu ni anasa. Hoja hii hupendeza sana mdomoni mwa mtu ambaye gari si lake. Mwenye gari haishi kwenye injini. Injini huiona siku ya kuongeza maji na siku ya moshi. Saa zilizobaki anakaa ndani, anaitazama dashibodi, anashika usukani, anausikiliza mlango unavyojibizana na barabara. Isitoshe, hali ya ndani ina bei yake, na bei hiyo iliandikwa. Magari mengi ya mtumba tunayoendesha yamepita kwenye minada ya Japani, ambako mkaguzi hujaza karatasi yenye alama mbili: tarakimu ya gari zima, na herufi ya hali ya ndani, A ikiwa ya juu, kisha herufi zinashuka. Mkaguzi huyo huandika tundu la sigara kwenye kiti, doa kwenye zulia, mkwaruzo kwenye plastiki. Mnunuzi wa Musoma huongeza pesa apate B badala ya C, gari likavuka bahari, likashushwa Dar es Salaam, likaja zaidi ya kilomita 1,000 hadi ziwani bila kupoteza herufi yake. Kisha linaingia gereji kubadilishwa breki pedi, kazi ya nje kabisa, na linatoka na herufi ambayo Wajapani hawajaivumbua.

Na kuirudisha herufi ya awali si jambo la jioni moja. Klipu huenda ikapatikana mjini. Kava la mlango lenye kijivu kilekile ni shughuli nyingine: litatafutwa Mwanza, zaidi ya kilomita 200, au Gerezani, Kariakoo, lifungwe kwenye boksi na kupakiwa kwenye basi, iwapo muuzaji atakubali kuuza kava bila mlango wake. Likikosekana la kijivu, huletwa la rangi ya maziwa, na gari linaanza kufanana na kamati ya harusi ambayo wajumbe hawakukubaliana sare.

Katika jambo la kumkabidhi mwenzako mali inayoweza kuharibika, watu wa ukanda huu walikuwa na utaratibu kabla ya gereji ya kwanza kufunguliwa. Kwa jamii nyingi za wafugaji wa Kanda ya Ziwa, ng'ombe hakai kwa mwenyewe tu; huwekwa kwa rafiki au kwa shemeji, amchunge, anywe maziwa. Ng'ombe akifa, aliyewekewa anatakiwa aje na ngozi, tena mapema, kabla habari haijamfikia mwenye mali kwa mdomo mwingine. Ngozi haimfufui ng'ombe. Inathibitisha kwamba hakuuzwa mnadani wala hakuliwa kimyakimya, na kwamba aliyewekewa bado ni mtu wa kuwekewa. Anayeleta ngozi hubaki rafiki. Anayekuja mikono mitupu na kusema ng'ombe alikuwa hivyohivyo hupelekwa kwa wazee. Basi ninachowadai mafundi ni ngozi tu: klipu iliyokatika iwekwe juu ya dashibodi mwenye gari aione, na maneno machache yafuate, "Bosi, hii imekatikia mikononi mwangu, tufanyeje?"

Sheria ya nchi inasema karibu jambo hilohilo, ila imevaa tai. Sheria ya Mikataba ya Tanzania ilitungwa 1961 kwa kufuata kwa karibu ile ya India ya 1872, na inamtaka anayepokea mali ya mwingine kwa kazi maalumu aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida ambavyo angeitunza mali yake mwenyewe ya aina na thamani hiyo. Busara ya kawaida, basi, miujiza haikutajwa. Mtu mwenye busara ya kawaida haweki betri ya asidi juu ya kiti chake mwenyewe, wala hafuti mikono kwenye mkanda wa usalama wa gari lake. Lakini pia, akiwa ametunza kwa kiwango hicho na klipu chakavu ikakatika kwa uchakavu wake, sheria haimdai. Yaani fundi mwangalifu anayesema ukweli ana kinga tayari. Anayeitupa kinga hiyo ni yule anayeificha klipu kwenye mfuko wa ovaroli.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kipato. Fundi wa chini ya mwembe analipwa kidogo, hana bima ya kazi yake, na vijana wake wanajifunzia udereva na ufundi kwenye gari lako kwa wakati mmoja. Ukimdai dashibodi kwa kazi ya kubadilisha plagi, umemfilisi. Bima ya gari nayo haisaidii, maana wengi wetu tuna bima ndogo, na hiyo humlipa mtu wa nje uliyemuumiza au kumharibia mali. Kiti chako mwenyewe hakimo. Yote hayo nayakubali, na ndiyo sababu nadai maneno kabla ya pesa. Klipu iliyotajwa asubuhi inagharimu klipu. Isiyotajwa huliacha kava likining'inia, linagonga wiki nzima, linapasuka kwenye tundu la skrubu, na sasa anayedaiwa klipu anadaiwa kava. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua; sidhani kama walikuwa wanaifikiria dashibodi, ila hakuna ugonjwa unaolia kwa uaminifu kama plastiki iliyokosa mshikizi. Inaanza kwenye tuta la kwanza la Bunda na hainyamazi mpaka Musoma. Kila mlio unalitaja jina la fundi, na abiria wote wanasikia.

Zipo gereji zilizoona mbali zaidi, zikaandika ukutani: "Hatutahusika na upotevu au uharibifu wowote." Maandishi huwa mekundu, mahali pake huwa nyuma ya geti, na mteja huyasoma akiwa ameshakabidhi ufunguo. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Bi Olley, aliyeibiwa mavazi yake ya manyoya hotelini London. Hoteli ilijitetea kwa tangazo lililobandikwa ukutani chumbani. Majaji wakasema mkataba ulishafungwa mapokezi, kabla mama huyo hajaingia chumbani na kuanza kusoma kuta. Wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki bado wanaisoma kesi hiyo, na wenye gereji wangefaidika wakiazima daftari. Mimi lakini nina sababu nyingine ya kulipenda tangazo la ukutani. Linatuambia kwamba mwenye gereji anajua fika vitu huharibika humo ndani, amejua kwa muda mrefu, na amenunua rangi kwa ajili hiyo. Aliyejua kiasi hicho hawezi tena kugeuka na kusema ilikuwa hivyohivyo.

Limebaki pingamizi la undugu, ambalo kwetu ndilo linaloshinda kesi nyingi. Fundi ni shemeji, au ni mtani, au mliimba naye kwaya moja. Ukianza kupiga picha viti vyako mbele yake, atasema unamwona mwizi, na Jumapili habari zitakuwa zimefika kwa mama mkwe. Nadhani mambo yako kinyume. Gari la mtu usiyemjua unaweza kuligombania na mkaachana. La shemeji utaligombania kila msiba na kila sherehe, mpaka mmoja ahame. Kwa hiyo pigeni picha pamoja, kwa simu ya mmojawenu, kabla kiti hakijainuliwa: viti, dari, kava za milango, na dashibodi swichi ikiwa imefunguliwa ili taa zake zionekane. Taa ni muhimu, kwa sababu chini ya viti vya mbele vya magari mengi hupita waya zenye soketi za njano za eabegi, na kiti kikiinuliwa kwa papara, taa ya onyo huwaka na kubaki imewaka. Kisha tandikeni kiroba juu ya kiti. Kiroba ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika ufundi wa magari, na ndicho kinachokosekana mara nyingi kuliko vyote.

Picha hizo zinamlinda fundi kuliko anavyodhani, maana wenye magari nao si malaika. Yupo anayeliacha gari gereji na nusu gunia la dagaa kwenye buti, kisha siku ya tatu anauliza harufu imetoka wapi. Yupo ambaye mwanawe aliandika jina lake la shule kwenye dari kwa kalamu ya wino, na baba ameona gereji ni fursa ya kupata dari mpya. Anayedai ukweli asubuhi aje nao yeye mwenyewe: aseme mapema kwamba droo ya dashibodi imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli tangu mwaka juzi, na kwamba kioo cha nyuma kikiteremshwa hakirudi.

Jambo la mwisho ni la wakati. Sheria hiyohiyo ya Mikataba inampa fundi haki ya kulizuia gari alilolifanyia kazi mpaka alipwe, na ni haki nzuri, kwa kuwa bila hiyo wengi wetu tungelipa kwa ahadi. Lakini ina maana kwamba ukaguzi una saa yake, na saa hiyo ni kabla pesa haijatoka mfukoni. Fundi akishalipwa, kumbukumbu yake hupungua kwa kasi ya kutisha. Basi, akikuita usikilize injini, mshukuru, sikiliza, kisha omba dakika zako. Keti kila kiti. Teremsha kila kioo na kipandishe. Fungua droo, ifunge. Tazama taa za dashibodi, tazama juu, tazama mkanda. Mwombe fundi akae kiti cha abiria, mzunguke mara moja mpaka kwenye tuta la karibu, redio ikiwa imezimwa au imejizima yenyewe. Milango ikinyamaza, lipa bei mliyopatana na uongeze ya soda. Ikilia, usiseme neno. Mwangalie tu, naye atakumbuka mahali alipoiweka klipu.