Mto Chini, Samaki Ukutani

Jamani, Wabelgiji wanayapenda maumbile kwelikweli! Kati ya 1867 na 1871 waliufunika mto Senne kwa barabara katikati ya Brussels, eti unanuka. Lakini samaki wa Pilipili Mulongoy, mchoraji wa warsha ya sanaa ya Le Hangar iliyoanzishwa Lubumbashi, Kongo, 1946, aliowachora gamba kwa gamba, wanatunzwa Ulaya kama mboni ya jicho. Mto wa bure umefukiwa, samaki wa rangi wanagombewa mnadani. Ndugu wachoraji, ombeni Senne ibaki kaburini: ikifufuka, soko limekufa.