Bwana Admin Kaandika Kila Kitu

Jamani, mimi kazi yangu steshenari. Natoa kopi, nachapa, nabaindi. Chuo kiko hapo ng'ambo ya barabara. Mambo ya rejea, yale majina yanayopangwa nyuma ya tasnifu, yananihusu kwa kuprinti tu. Lakini yakiharibika nani anafokewa? Mimi.

Siku hizi rejea hazipangwi kwa mkono. Kuna programu. Unabonyeza, inapanga. Raha! Sasa sikia raha yenyewe. Programu haijui mtu wala ofisi. Inachukua neno la mwisho, inalifanya jina la ukoo. Yaliyobaki inayakatakata yabaki herufi. Ukiipa Shaaban Robert, inatoa "Robert, S." Safi. Ukiipa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, wale wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, inakutolea "Kiswahili, T. Y. U. W." Jamhuri ya Muungano wa Tanzania? "Tanzania, J. Y. M. W." Nchi nzima, bara na visiwani, imekuwa jamaa mmoja. Ile Benki ya Dunia kwa Kizungu inatoka "Bank, W."

Huyo Bank nilikuwa namkuta kila kazi. Nikajua mzungu mmoja hatari. Siku hiyo nikajitia kumsifia mbele ya dada wa masters: huyu Bank wenu kichwa kweli, hapumziki! Dada akanitazama kama anaangalia mashine iliyomeza karatasi. Akachomoa flashi yake. Kahamia duka la jirani mpaka leo, na akipita hapa hanisalimii.

Halafu yuko Admin. Programu ikivuta rejea kutoka kwenye tovuti, inabeba jina inalolikuta limeandikwa pale kwenye ukurasa. Mara nyingi aliyeandikwa ni Admin. Basi Admin kaandika ufugaji wa kuku. Admin kaandika kipindupindu. Admin kaandika katiba. Kijana mmoja alirudi machozi yanamlengalenga, supavaiza kamzungushia Admin kalamu nyekundu kote. "Anko, umeniharibia kazi!" Mimi tena? Mimi nimebonyeza printi, bosi wangu! Nikarudia bure. Wino wangu, karatasi zangu, na soda nikamnunulia atulie.

Nikadhani mkosi ni wa kwetu tu. Kumbe hata Google Scholar, kule maprofesa wanakotafutia makala, iliwahi kujaa waandishi hewa. Péter Jacsó wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliwaanika mwaka 2009. Alikuwepo msomi anaitwa P. Login. Mnamjua? Ni yale maneno ya kukuomba uingie kwenye akaunti! Mashine imeona herufi kubwa, ikajua ni mtu, ikampa makala.

Na Ufaransa, mwaka 2010, mtafiti Cyril Labbé akaamua kuichokoza hiyo Google Scholar makusudi. Akamtunga mwanasayansi, Ike Antkare. Akamtengenezea makala za upuuzi kwa programu, zinatajana zenyewe kwa zenyewe. Mashine ikahesabu. Jamaa akapanda mpaka akampita Einstein kwa kutajwa! Mtu hajazaliwa. Mimi nimezaliwa, cheti ninacho, sijatajwa hata kwenye shukrani za hizo tasnifu ninazobaindi.

Sasa imeingia akili mnemba, ndiyo balaa kabisa. Hii haikati jina, inakutungia kitabu kizima, na mwandishi, na mwaka, na kurasa. Kule New York, 2023, mawakili walipeleka mahakamani kesi ambazo hazipo, walizopewa na ChatGPT. Wakili aliiuliza yenyewe: hii kesi ni ya kweli? Ikamjibu ya kweli. Faini dola 5,000. Hela hiyo ningepewa mimi ningenunua mashine mpya ya kopi nikapumzika na hili gofu.

Basi wateja wangu, nawaomba. Programu nyingi zina mahali pa kuziambia kwamba hili ni jina la ofisi, lisikatwe. Mimi sipajui, msiniulize, nyie ndio mnaosoma. Pigeni jicho hizo rejea moja moja kabla hamjavuka barabara. Kurudia kuprinti ni bei ileile, na habari za "anko, nitakulipa bumu likitoka" sizitaki.