Utetezi wa Mabwana Makopo

Wapo mahasidi wanaowacheka Wamarekani wenye nyumba za magurudumu, ati ngazi ya mlangoni ikitoa mlio, wao huiendea na makopo saba ya vilainishi. Nami naona ni wajibu kuwatetea waungwana hao, kwani ilimu yao haipungui ile ya mafakihi. Ukingo wa mpira wa chumba kinachochomozwa ubavuni hupewa silikoni, maana mafuta ya petroli huulainisha ukaoza. Bawaba za chuma hupewa grisi nyeupe ya lithiamu. Na reli zinazotambaa vumbini hupuliziwa kilainishi kikavu, kwa kuwa grisi hukusanya mchanga ikawa tupa. Ama WD-40, iliyobuniwa San Diego mwaka 1953 kwa kufukuza maji na kuzuia kutu, ikapakwa kombora la Atlas, haina budi kutiwa kitasa cha choo: kilichomfaa jemadari wa kuvusha nari bara hata bara, kitamshindaje mstaafu aliyebanwa na haja?

Wala tusiwalaumu mjadala wao wa kuchagua kopo ukirefuka hadi ngazi yenyewe ikala kutu, kwa maana haraka si adabu ya wanazuoni. Na kukwea dirishani kwa siku chache ni riadha inayosifiwa na matabibu. Ikisha kunyamazishwa kila bawaba, bwana huketi kitini mwake msituni, kwa utulivu alioufuata masafa marefu, akawasha jenereta.